Kwa Nini Panya Hawaijazi Nchi

Mkulima amekwisha lima shamba lake, akasafisha, akangoja mvua. Mvua ya kwanza ya masika imenyesha usiku kucha, na asubuhi yake yeye na mkewe na watoto wamepanda mahindi kwa mistari iliyonyoka, mbegu tatu tatu katika kila shimo. Siku ya saba arudi kutazama kama mimea imechomoza. Aona vishimo vimefukuliwa, kimoja baada ya kimoja, kwa kuufuata mstari, kana kwamba mwenye kufukua alikuwapo siku ile ya kupanda, akasimama kando akitazama. Vipande vya mbegu vimetapakaa juu ya udongo. Katika mistari kumi, minne haina kitu. Mkulima hana haja ya kuuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo. Ni panya wa shamba.

Panya huyu si yule wa darini, atafunaye nguo sandukuni. Yule wa darini ni mkubwa, na mkia wake ni mrefu kupita mwili wake. Panya wa shamba ni mdogo kuliko yeye. Mgongo wake una rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na tumbo lake limefifia kuelekea weupe. Hukaa katika mashimo na nyufa za ardhi, mashambani na vichakani na kando ya vijiji, naye aonekana karibu kila mahali katika Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara. Wataalamu humwita Mastomys, jina lililotungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake titi, na la pili maana yake panya. Hawakumpa jina hilo bure. Ng'ombe ana matiti manne, mbuzi mawili; jike la panya huyu huwa na matiti hata 24.

Aliyepewa matiti mengi amepewa na watoto wengi. Jike hubeba mimba siku 23 tu. Akizaa, huzaa watoto 10 au 12 kwa mara moja, na pengine hupita hapo. Huweza kushika mimba nyingine hali wale wa kwanza wangali wakinyonya. Nao watoto, wakizaliwa wakati wa chakula kingi, huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi.

Mwanafunzi na achukue kalamu ahesabu. Na tuseme kwamba dume na jike huzaa watoto 10 kila miezi mitatu, nusu yao majike, na hakuna hata mmoja afaye. Panya 2 watakuwa 12. Wale 12 ni jozi sita, na kila jozi itazaa 10, basi baada ya miezi sita watakuwa 72. Baada ya miezi tisa ni 432, na baada ya mwaka mmoja ni 2,592. Akiendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka wa pili, atapata panya zaidi ya milioni tatu, wote wametoka katika jozi moja. Mwaka wa tatu hapangekuwa na mahali pa kukanyaga, wala punje ya nafaka katika nchi nzima.

Hesabu hii haina kosa katika karatasi, lakini shambani haitimii hata kidogo. Panya walikuwapo kabla ya babu zetu, nao wamezaa hivyo vizazi vyote hivyo, na bado mtu aweza kutembea kutoka kijiji hata kijiji asione hata panya mmoja njiani. Ili panya wa mahali wasizidi wala wasipungue, katika watoto wote ambao dume na jike wamezaa maisha yao yote, yatosha wapone wawili tu, wakae mahali pa wazazi wao. Wakipona watatu, panya wameanza kuongezeka. Akipona mmoja, wameanza kupungua. Hao wengine wote hawana budi kufa kabla ya kuzaa. Basi lililo gumu kujua ni hili: wamekwenda wapi, na ni nani aliyewachukua?

Wengi hujibu upesi: wamechukuliwa na bundi, na nyoka, na paka wa mwitu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, kama itakavyoonekana mbele.

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wataalamu wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa kutoka Ubelgiji, walianza mwaka 1994 kutega panya katika uwanja mmoja wa hektari 3, yaani kama ekari saba na nusu. Mitego 300 ilipangwa kwa mistari, mita 10 toka mmoja hata mwingine. Mitego hiyo si ya kuua. Ni visanduku vya bati, na mlango wake hufunga panya anapoingia kufuata chambo cha karanga na unga wa mahindi. Kila mwezi mitego hutegwa siku tatu mfululizo. Panya aliyenaswa hupimwa uzito, hutazamwa kama ni dume au jike, na kama ana mimba. Kisha hutiwa alama, akaachiliwa pale pale aliponaswa. Mwezi wa pili akinaswa tena, yuajulikana kwa alama yake, na uzito wake hulinganishwa na wa kwanza. Asipoonekana mwezi hata mwezi, huhesabiwa kuwa amekufa au amehama. Watu wapitao njiani huenda wakacheka kuona wasomi wakiwapima panya na kuwaachilia wakati wakulima wanalia. Lakini kwa kazi hiyo ya subira yamejulikana mambo ambayo mtu aliyekaa na sumu mkononi hawezi kuyaona.

Jambo la kwanza lililojulikana ni kwamba mwenye amri juu ya panya ni mvua. Masika yakinyesha, nyasi huchipua, na mbegu na wadudu huwa tele. Baada ya kama mwezi mmoja majike huanza kuzaa, nao huendelea mpaka kiangazi kimeingia. Kila mwezi wa namna hiyo huongeza panya shambani, hata ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba huwa wamefika kilele cha hesabu yao. Mtu apitaye shambani wakati huo huona vijia vyao vyembamba katika nyasi kavu, na mavi yao kando ya kila shimo.

Kisha mambo hugeuka. Nyasi zimekauka, mbegu zilizoanguka zimekwisha okotwa, wadudu wamepungua. Majike huacha kuzaa. Na vijana waliozaliwa mwishoni mwa majira hupatwa na jambo la ajabu: huacha kukua. Aliyepimwa mwezi wa Agosti, akipimwa tena mwezi wa Oktoba, uzito wake ni karibu ule ule. Habaki mtoto, wala hawi mtu mzima, hungoja. Hawezi kuzaa mpaka mvua nyingine imenyesha na majani machanga yametoka. Na katika kungoja huko wengi hufa. Wengine hufa kwa njaa, na wengine kwa kuwa njaa imewatoa mashimoni wakati usiofaa, wakaonekana. Moto wa nyasi huwaondolea maficho. Ndiyo sababu mahali nyasi zinapochomwa mwewe na korongo hukusanyika mbele ya moshi, wakiokota wote wanaokimbia. Mvua nazo zikija, maji huingia mashimoni. Hata ifikapo mwezi wa Machi au Aprili, shamba lililokuwa na mamia ya panya katika hektari moja laweza kuwa na wasiozidi 20. Walio wengi hawakumaliza mwaka mmoja tangu kuzaliwa.

Tena wingi wenyewe ni adui wa panya. Wakiwa wachache, kila mmoja hupata chakula na shimo, nao vijana hukomaa mapema. Wakiwa wengi, hugombania kile kidogo kilichopo. Vijana huchelewa kukomaa, na walio dhaifu husukumwa pembeni, mahali pasipo na chakula wala maficho, na huko hawakai sana. Kwa hiyo kadiri panya wanavyozidi, ndivyo inavyozidi kuwa shida kwao kuzidi tena. Ni mfano wa mizani ya dukani: sahani moja ikilemewa, mkono huanza kuvutwa upande wa pili. Lakini asifikiri msomaji kwamba mizani hiyo husimama tuli. Haisimami. Hupanda na kushuka kila mwaka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoitwa usawa.

Iko miaka ambayo mkono wa mizani hupanda mno. Katika sehemu za Morogoro mvua za vuli, za mwezi wa Novemba na Desemba, huwa haba, nazo mara nyingi hazitoshi kuwaamsha panya wazae. Lakini mwaka mmojawapo vuli huja mapema na kwa wingi. Nyasi huota mapema, na panya wachache waliosalia huanza kuzaa katika mwezi wa Januari, badala ya kungoja mpaka Aprili. Watoto wa Januari hukua katika unyevu na shibe, na masika yanapoingia wao nao ni wazazi. Hivyo kizazi kimoja kizima kimeingizwa katika mwaka ule ambacho mwaka wa kawaida hakina. Na mwanafunzi aliyefanya hesabu pale juu ajua maana ya kizazi kimoja zaidi: si kuongeza panya kumi, ni kuzidisha mara sita, kama wote wangepona. Hawaponi wote, lakini hata wakipona sehemu ndogo, masika ya mwaka ule huwakuta wakulima wakipanda katikati ya jeshi.

Mwaka wa yule mkulima mwenye mistari minne mitupu ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Vuli ilikuwa imenyesha sana, naye alifurahi, maana mihogo yake ilistawi na kunde zilizaa. Hakujua kwamba chini ya kunde zile majike walikuwa wakinyonyesha. Wataalamu wa Tanzania wamekadiria kwamba katika miaka ya kawaida panya huharibu kama magunia 5 hata 15 katika kila magunia 100 ya mahindi ambayo yangevunwa. Mwaka wa mlipuko hasara hupita hapo mbali sana, na yako mashamba ambayo mbegu zake karibu zote hufukuliwa kabla ya kuota. Nyumba isiyo na akiba huijua hesabu hiyo mwezi wa njaa unapofika.

Sasa na waletwe wawindaji. Ni wengi. Usiku yuko bundi, hasa yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, akaaye katika dari za makanisa na maghala yaliyoachwa. Yuko kanu, na kicheche, na mondo mwenye masikio makubwa awezaye kumsikia panya chini ya nyasi. Mchana yuko mwewe, na kipanga, na nguchiro. Nyoka huingia mpaka shimoni, mahali ambapo ndege hawezi. Bundi mweupe hummeza panya mzima mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Akiyaokota madonge hayo chini ya mti au dari analolala bundi, na kuyafumua kwa kijiti, mtu ataona mafuvu ya panya meupe na meno yake, naye aweza kuyahesabu akajua bundi yule alikula nini.

Pamoja na hayo, bundi hawezi kuizuia mvua. Hapo Morogoro wataalamu walilijaribu jambo hili. Mashamba mengine waliyafunika kwa nyavu, ndege na wanyama wawindao wasiweze kuingia. Mengine waliyasimikia miti ya ndege kutua, na masanduku ya bundi kutagia, ili wawindaji wavutwe. Mengine yaliachwa kama yalivyo. Pale palipowekwa miti na masanduku, panya hawakupungua kama watu walivyotumaini. Pale palipofunikwa kwa nyavu na kuzungushiwa ukuta, panya walifika wingi mkubwa zaidi, na kushuka kwao kulichelewa. Lakini kushuka kulikuja vilevile. Wawindaji, basi, huusaidia mkono wa mizani. Hawaushiki peke yao.

Sababu yake si ngumu kuiona. Jike la panya hukaa na mimba siku 23. Bundi huyalalia mayai yake kama siku 30, kisha makinda hukaa kiotani karibu miezi miwili kabla ya kuruka, nao hawatagi mpaka mwaka unaofuata. Panya wakizidi kwa ghafula, bundi hutaga mayai mengi zaidi, naye pengine hulea makinda mara mbili katika mwaka. Hata hivyo makinda hayo yanapokuwa tayari kuwinda, panya wamekwisha shika shamba. Mwenye kutambaa hawezi kumfikia mwenye kukimbia aliyetangulia kuondoka. Mwaka wa pili panya wanapopungua, bundi ni wengi na chakula ni haba, na hapo ndipo wanapowabana panya zaidi. Kisha bundi nao hupungua, maana mwaka wa njaa wengine hawatagi kabisa. Mwindaji naye, ambaye watu humwona kuwa mtawala, anatawaliwa na wale anaowala.

Iko desturi katika vijiji vingi ya kumpiga bundi mawe, kwa kuwa husemwa kwamba akilia juu ya paa mtu atakufa. Bundi hulia juu ya paa kwa kuwa panya wako chini ya paa. Wenye kumwua humpunguzia panya adui mmoja, na idadi ya wafao kijijini haipungui.

Yuko mpunguzaji mwingine, mdogo kuliko wote, asiyeonekana kwa macho: maradhi. Panya wanaposongamana, viroboto hupita kwa urahisi kutoka kwa mmoja hata mwingine, na viroboto vikiwa na vijidudu vya tauni huwaua panya wengi kwa muda mfupi. Hapo mizani hushuka kwa kishindo, na mtu asiyejua huenda akafurahi. Lakini panya akifa na mwili wake ukapoa, kiroboto humtoka kwenda kutafuta damu nyingine yenye joto, nayo iliyo karibu huwa ni ya mtu aliyelala chini kwenye mkeka. Katika wilaya ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tauni ilianza kuonekana mwaka 1980, na mpaka mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 600 katika hao walikufa. Wenyeji wa huko walijifunza kwamba panya waliokufa ovyo nyumbani na mashambani ni habari ya kupelekwa upesi kwa mganga wa zahanati, na kwamba mzoga haushikwi kwa mkono mtupu. Dawa za tauni ziko, nazo huponya kama zikitolewa mapema.

Ili kuona nguvu ya vizuizi hivi vyote, inafaa kutazama nchi ambamo mnyama mwenye kuzaa upesi aliingizwa peke yake, na vile vilivyomzuia kwao vikaachwa nyuma. Nchi hiyo ni Australia, na mnyama ni sungura wa Ulaya. Mwaka 1859 mwenye mashamba mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura kutoka Uingereza, kama 24 kwa hesabu, akawaachilia katika mashamba yake ya Barwon Park, katika jimbo la Victoria. Alitaka shabaha ya kupiga bunduki siku za mapumziko. Huko kwao Ulaya sungura hao walikuwa na baridi kali, na mbweha, na vicheche, na tai, na maradhi yao ya kale. Katika Australia walikuta majani laini, baridi isiyo kali, na mashamba ya kondoo yaliyokwisha safishwa. Katika muda wa miaka 50 walikuwa wameenea sehemu kubwa ya bara zima. Waliyala majani mpaka shina, kondoo wakakosa malisho, na udongo uliobaki uchi ukapeperushwa na upepo.

Watu wa jimbo la magharibi walijenga ukingo wa waya kuanzia mwaka 1901 hata 1907, urefu wake zaidi ya kilometa 1,800, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Kabla haujamalizika, sungura walikuwa wamekwisha pita. Risasi, mitego, sumu, yote yalijaribiwa. Hatimaye, mwaka 1950, ulitolewa ugonjwa wa sungura uitwao miksomatosi, nao mbu waliueneza kando ya mito. Mwanzoni, katika sungura 100 waliougua, hapakupona hata mmoja au wawili. Ilionekana kana kwamba habari ya sungura imekwisha. Lakini wale wachache waliopona walizaa watoto wenye uwezo wa kuustahimili ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ukalegea, maana ule ulioua upesi mno ulikufa pamoja na sungura wake kabla mbu hawajauchukua. Baada ya miaka michache sungura waliongezeka tena, ingawa hawakufikia wingi wao wa zamani. Mwaka 1995 ugonjwa mwingine ulitoka katika kisiwa ulimokuwa ukijaribiwa, ukawapunguza tena, na baadaye sungura wakaanza kuuzoea huo nao. Kizuizi kilichowekwa kwa mkono wa mtu kimekuwa kama vizuizi vingine vyote: chapanda na kushuka pamoja na yule anayezuiwa.

Mkulima wa Morogoro hana haja ya ukingo wa waya, maana panya wake ni wenyeji, na vizuizi vyao viko palepale. Lililo kazi yake ni kujua mizani iko wapi anapoinua mkono wake. Watu wengi hununua sumu mwezi wa Oktoba, wanapoona panya wakikimbia hata mchana. Wakiwaua nusu ya panya wakati huo, wamewaua wale ambao kiangazi kingewaua vilevile, na waliosalia hupata chakula cha wale waliokufa. Fedha imetoka, na mwezi wa Machi hesabu ni ile ile. Wengine hungoja mpaka wameona vishimo vilivyofukuliwa. Hapo mbegu zimekwisha liwa. Wakati wenye faida ni ule ambao hakuna anayewafikiria panya, yaani wanapokuwa wachache, kabla hawajaanza kuzaa, na hasa baada ya vuli kubwa. Jike mmoja akiuawa mwezi wa Januari, wameuawa pamoja naye watoto wake wote wa masika.

Kazi hiyo haifai kufanywa na mtu mmoja. Shamba lililosafishwa panya, likizungukwa na mashamba ambayo hayakuguswa, hujaa tena upesi, kwa kuwa vijana wasio na makao hulikuta tupu wakaingia. Majirani wakikubaliana kufyeka majani ya kando ya mashamba, kuondoa mabua baada ya kuvuna, kupanda katika juma lile lile ili mbegu zisiwe karamu ya mwezi mzima, na kutega madebe yaliyofukiwa ardhini na kutiwa maji, hupata zaidi kuliko tajiri mwenye sumu peke yake. Sumu ina lawama nyingine pia. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutangatanga siku kadhaa, na bundi au paka amlaye huipata sumu ile ile tumboni mwake. Hivyo mtu aweza kuwaua wasaidizi wake kabla ya adui zake, na kati ya hao wawili wajua msomaji ni yupi atakayerudi kwa wingi kwanza.

Mkulima wa mistari minne alipanda tena. Alitoa mbegu katika mahindi ya kula, maana mbegu nzuri zilikuwa zimekwisha, na safari hii watoto walilinda shamba jioni na alfajiri, na madebe manne yalifukiwa penye vijia. Katika debe moja, asubuhi ya kwanza, walikuwamo panya 17. Mahindi yale yaliota. Lakini yalikuwa majuma matatu nyuma ya yale ya mistari mingine, na mvua ya masika haikuyangoja. Yalipoanza kutoa mbelewele, mawingu yalikuwa yamekwisha kuhama.